MUKONO HUU NI WA NANI?
Namna ya kutambua wapigaji wa gitare ya chuma katika disiki za zamani za Marekani

Tuseme ni siku ya Mungu mangaribi. Chakula kimekwisha, baba amefungua redio, na redio inapiga wimbo wa zamani wa Marekani, ile muziki ya mashamba na ya wachunga ngombe wanayoita kantri. Mwanaume mumoja anaimba kwa huzuni. Anamaliza mustari wake, ananyamaza, na pale anaponyamaza unasikia sauti ingine inamujibu. Si sauti ya mutu, lakini inalia kama mutu. Inapanda, inatelemuka, inatetemeka kidogo, kisha inazimika pole pole.

Mutoto anauliza: « Baba, ule analia nyuma ni nani? » Baba anataja jina la mwimbaji. Mutoto anakataa: « Hapana, huyo namujua. Ninauliza ule mwingine. »

Baba hana jibu. Hata mutangazaji wa redio hakumutaja.

Leo tutazungumuza juu ya « ule mwingine ». Wewe kijana unayependa muziki, utaona kama kumutafuta ni kazi yenye utamu, tena ni kazi ya haki. Sisi wa miji ya migodi tunafahamu neno hili zaidi ya wengine. Shaba inapotoka kwenye tanuru inabeba chapa ya kampuni. Haibebi jina la mutu aliyeshuka chini kuichimba.

GITARE YENYE KULALA

Chombo tunachosikia kinaitwa gitare ya chuma. Si kusema kama chombo chenyewe kimetengenezwa kwa chuma. Jina linatokana na kipande cha chuma laini ambacho mupigaji anakishika kwa mukono wa kushoto. Gitare haikumbatiwi kwenye kifua. Inalazwa, mbele juu ya magoti, baadaye juu ya miguu yake yenyewe kama meza. Vidole havikanyagi nyuzi. Kile chuma kinateleza juu yake, ndiyo sababu sauti hairuki ngazi kwa ngazi kama kwenye gitare ya kawaida, lakini inateleza sawa sauti ya mutu anayelia.

Mupigo huu ulizaliwa katika visiva vya Hawaii mwishoni mwa karne ya 19. Watu wengi wanamupa sifa hiyo Joseph Kekuku, kijana wa kijiji cha Laie. Mwaka wa 1915 Wamarekani wengi waliusikia katika maonyesho makubwa ya San Francisco, na toka pale ukaenea inchi nzima. Kwenye mwaka wa 1932 kampuni ya Rickenbacker ilianza kuuza gitare ya chuma yenye kutumia umeme. Mwaka wa 1935 Bob Dunn, mupigaji wa kundi la Milton Brown la Texas, aliingiza sauti ya umeme katika disiki za muziki ya kantri. Tangu hapo gitare hii haikutoka tena.

Hata kwetu upepo wa Hawaii ulifika. Pale Léopoldville, mwanzoni mwa myaka ya 1950, Zacharie Elenga, ambaye watu walimuita Jhimmy, alipata sifa kwa mupigo ulioitwa wa kihawaii. Basi wazee wetu waliokuwa wakicheza muziki wakati ule, masikio yao yalikwisha kuonja kidogo.

SABABU GANI MAJINA YALIPOTEA

Kazi ya kurekodi ilifanyika hivi. Pale Nashville, muji mukubwa wa muziki ya kantri, mwimbaji aliingia studio pamoja na wapigaji waliokodiwa kwa saa tatu. Katika saa tatu hizo walitazamiwa kumaliza nyimbo tatu ao ine. Kila mupigaji alilipwa bei iliyopangwa na sendika ya wanamuziki, kisha anabeba chombo chake na kwenda studio ingine. Kama disiki iliuzwa milioni, faida ilikuwa ya mwimbaji na ya kampuni. Mupigaji alikwisha kulipwa saa zake.

Juu ya disiki ndogo yenye nyimbo mbili waliandika jina la wimbo, la mutunzi, la mwimbaji na la kampuni. Basi. Kwenye disiki kubwa pia, mara nyingi majina ya wapigaji hayakuandikwa, mupaka desturi ilipoanza kubadilika katika myaka ya 1970.

Angalia mufano unaotugusa. Loretta Lynn alizaliwa mwaka wa 1932 katika milima ya Kentucky, na baba yake alikuwa mufanyakazi wa mugodi wa makaa. Mwaka wa 1970 alitoa wimbo wake « Coal Miner's Daughter », maana yake binti wa muchimba makaa, na wimbo ule ulishika nafasi ya kwanza katika muziki ya kantri ya Marekani. Hivi dunia ilijua baba yake kama alikuwa mutu wa kazi ngumu mwenye kupenda watoto wake. Lakini nani anamujua Hal Rugg? Ni mupigaji wa gitare ya chuma aliyefanya kazi katika disiki nyingi za mama huyu. Watu walimusikia mara elfu. Wachache tu wanalijua jina lake.

MUTEGO WA KWANZA: HANK WILLIAMS

Sasa tuanze kutafuta. Hank Williams alikufa tarehe 1 Januari 1953, akiwa na myaka 29 tu, na nyimbo zake zinapigwa mupaka leo. Mutu anayejua kidogo atakuambia: « Gitare ya chuma kwa Hank Williams? Ni Don Helms. » Na ni kweli, Helms alipiga katika nyimbo nyingi sana za Hank. Ndiye unayemusikia katika « Your Cheatin' Heart », iliyorekodiwa mwezi wa Septemba 1952, miezi mitatu na kidogo mbele ya kifo. Alama yake iko wazi: anapiga juu, kwenye nyuzi nyembamba, kwa sauti kali yenye kukata kama kisu. Fred Rose, mutu aliyeongoza kazi ya kurekodi, alimutaka akae juu kusudi asigongane na sauti ya mwimbaji.

Lakini weka « Lovesick Blues », wimbo uliomutangaza Hank katika inchi nzima mwaka wa 1949. Kisha weka « I'm So Lonesome I Could Cry ». Sikia vizuri. Kile kisu hakiko. Sauti ni ya mviringo, laini, yenye kutetemeka kwa upole kama maji ya ziwa asubui. Huyu si Helms. Ni Jerry Byrd, mutu wa Ohio aliyependa muziki ya Hawaii kuliko kitu chote, mupaka alihamia kule Hawaii katika myaka ya 1970 na kufia kule mwaka wa 2005.

Namna gani ilitokea? Wimbo wa kwanza ulirekodiwa Desemba 1948, wa pili Agosti 1949, zote mbili mu muji wa Cincinnati, na wapigaji wa studio ya kule. Ule mwezi wa Agosti Helms alikuwa amekwisha kuingia katika kundi la Hank. Alikuwa akipanda naye jukwaani. Lakini jukwaa ni neno ingine, na studio ni neno ingine. Hapa ndipo wengi wanaangukia. Wanaona picha ya kundi, wanaona Helms amesimama karibu na Hank, wanamupa kazi yote. Hivi, bila nia mbaya, wanamunyanganya Byrd kazi ya mikono yake.

Kijana, shika sheria hii ya kwanza: picha ya kundi haishuhudii nani alikuwa mu studio.

MUGUU UNAINGIA KAZINI

Sheria ya pili inahusu wakati. Mwishoni mwa mwaka wa 1953 mwimbaji Webb Pierce alirekodi « Slowly », wimbo uliotoka mwaka uliofuata. Mupigaji wake, Bud Isaacs, alikuwa na gitare ya chuma yenye pedali. Pedali zenyewe zilikuwako mbele yake. Wengine walizikanyaga kusudi tu wabadili mupango wa nyuzi kati ya sauti moja na ingine. Isaacs aliikanyaga pedali wakati nyuzi zilikuwa zinaendelea kulia. Hivi uzi mumoja ulipanda, na mwenzake ukabaki pahali pake. Ni kama watu wawili wanashikana mukono, mumoja anapanda ngazi, mwingine anabaki chini, lakini hawaachani.

Wapigaji wengine walipousikia wimbo ule walikimbia kutafuta pedali. Wengine walizitengeneza wenyewe. Basi ukisikia mwendo ule, uzi mumoja unapanda ndani ya sauti yenye kushikwa, ujue karibu hakika kama disiki ni ya nyuma ya « Slowly ».

Lakini usigeuze sheria hii kichwa chini. Kukosa pedali hakuonyeshi kama disiki ni ya zamani zaidi. Helms na Byrd hawakufuata njia ile. Mwaka wa 1957 Patsy Cline alipopata sifa na « Walkin' After Midnight », Don Helms alikuwa pale na gitare yake bila pedali, kisu kile kile.

MUTEGO WA PILI: MUTUNZI NA MUPIGAJI

Mwaka wa 1956 Ray Price alitoa « Crazy Arms ». Wimbo huu ulikaa nafasi ya kwanza wiki 20. Ukisoma jina la watunzi juu ya disiki, utaona Ralph Mooney pamoja na Chuck Seals. Na Ralph Mooney ni nani? Ni mumoja wa wapigaji wakubwa wa gitare ya chuma! Basi mutu anashangilia: « Nimemupata! Ametunga, ndiye amepiga. »

Kumbe hapana. Mooney alikuwa akifanya kazi upande wa California. Anayepiga katika disiki ya Ray Price ni Jimmy Day, kijana aliyetoka upande wa Louisiana. Ukitaka kumusikia Mooney mwenyewe, tafuta « Under Your Spell Again » ya Buck Owens ya mwaka wa 1959, ao disiki za kwanza za Merle Haggard, kama « Swinging Doors » ya mwaka wa 1966. Sauti yake inangaa, inarukaruka, noti zinafuatana haraka kama mahindi yanayopasuka mu chungu. Ule aliyekwisha kumusikia mara tatu hamupotezi tena. Baadaye alipiga na Waylon Jennings kwa myaka makumi mbili hivi.

Ray Price vilevile anatufundisha kuangalia mwaka. Katika « Heartaches by the Number » ya mwaka wa 1959, bado ni Jimmy Day. Katika « Night Life » ya mwaka wa 1963, aliyekaa kwenye kiti ni Buddy Emmons, mutu ambaye wenzake wengi walimuhesabu kuwa mwalimu wao wote. Mwimbaji mumoja, kampuni moja, lakini mikono mbili mbalimbali.

JINA AMBALO KANISA LINALIJUA

Hapa kuna habari itakayowafurahisha waimbaji wa kwaya. Mwaka wa 1964 Buck Owens alitoa « Together Again ». Katikati ya wimbo mwimbaji ananyamaza na gitare ya chuma inashika njia peke yake. Haikimbii. Haionyeshi ufundi. Inasema maneno machache tu, na kila moja liko pahali pake. Wapigaji wengi waliokuja nyuma walijifunza kazi kwa kuurudilia ule mwendo mufupi.

Mupigaji ni Tom Brumley. Jina hili Brumley, kama munaimbaka nyimbo za dini za Wamarekani, munaweza kuwa mumeliona juu ya kitabu cha nyimbo. Baba yake ni Albert Brumley, aliyetunga « I'll Fly Away », wimbo wa matumaini uliochapwa mwaka wa 1932 na ambao makanisa mengi ya dunia yanauimba. Baba aliandika kwa kalamu, mutoto aliandika kwa kipande cha chuma. La baba linasomwa chini ya wimbo. La mutoto ulipashwa kulitafuta.

SIKIO NA KARATASI

Sasa tuweke kazi katika mupango. Ukitaka kumutambua mupigaji, fuata njia hii.

Kwanza, sikia ukiwa peke yako, bila kusoma kitu. Andika unachosikia: sauti ni kali ao laini? Anapiga juu ao chini? Iko pedali ao hapana? Noti ni nyingi ao chache? Pete Drake, kwa mufano, yule wa « Stand By Your Man » ya Tammy Wynette ya mwaka wa 1968, alikuwa mutu wa noti chache. Weldon Myrick, katika « Once a Day » ya Connie Smith ya mwaka wa 1964, anangaa toka mwanzo kabisa wa wimbo.

Pili, sikia kama jina linatajwa ndani ya wimbo wenyewe. Bob Wills wa Texas alikuwa na desturi ya kuita wapigaji wake kwa majina wakati muziki inaendelea. Ndiyo sababu Leon McAuliffe, mupigaji wa « Steel Guitar Rag » ya mwaka wa 1936, hakupotea kamwe: mukubwa wake alimuita wazi mbele ya mikro.

Tatu, tafuta tarehe na pahali pa kurekodi. Tarehe ya kutoka kwa disiki haitoshi, kwani wimbo unaweza kulala mu sanduku miezi mingi. Nashville si California, na mwaka wa 1959 si mwaka wa 1963.

Ine, tafuta karatasi. Kwa kila kazi ya studio, mukubwa wa kazi alijaza mukataba wa sendika: siku, saa, pahali, nyimbo, na majina ya kila mupigaji pamoja na malipo yake. Ni kama liste ya pointage ya kapita. Watafutaji walipekua karatasi hizo myaka mingi. Kampuni ya Bear Family ya Udachi, iliyoanzishwa mwaka wa 1975, imechapa vitabu vikubwa pamoja na masanduku ya disiki, na ndani yake unakuta orodha ya nani alipiga nini na siku gani.

Tano, linganisha. Karatasi nayo inaweza kukosa. Pengine mupigaji aliitwa siku ingine kuongeza sauti yake juu ya wimbo uliokwisha kurekodiwa, na mukataba wa kwanza haumutaji. Sikio nalo linaweza kukosa, kwani mupigaji wa studio analipwa kwa kufanya anachoombwa. Akiombwa kupiga kama mwenzake, atapiga kama mwenzake. Sikio na karatasi vikipatana, andika jina. Vikikatalana, andika « pengine ». Neno « pengine » halina haya. Haya ni kumupa mutu kazi ya mwingine kwa sababu unataka kuonekana mujuzi.

JUU YA NINI TUSUMBUKE?

Mutu atasema: « Wazee hao wengi wamekwisha kufa. Jina litawasaidia nini? »

Jibu la kwanza ni la feza. Disiki ya zamani inapowekwa katika filme ao katika matangazo ya biashara, sheria za sendika ya Marekani zinataka wapigaji wa kwanza walipwe tena, na kama wamekufa, warithi wao. Wanalipa nani? Wanafungua mukataba na kusoma majina. Aliyeandikwa, mujane wake ao watoto wake wanaweza kupata kitu. Aliyesahauliwa anahitaji ushahidi. Hivi kosa la kalamu la siku moja linaweza kufika mupaka kwenye meza ya wajukuu. Sisi ambao tumeona mujane anarudishwa kwenye dirisha la ofisi juu ya jina la mume lililoandikwa vibaya, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Jibu la pili si la feza. Mutu alikaa saa tatu katika chumba bila dirisha, akasikia huzuni ya mwimbaji, akatafuta sauti ya kuijibu, akaipata. Miaka makumi saba nyuma yake, mutu wa inchi ya mbali anasikia na moyo wake unatulia. Anadai nini ule mupigaji? Kutajwa tu.

ANZIA NYUMBANI

Kijana, si lazima uende Nashville. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville, ndio Likasi ya leo, na akarekodi gitare ya Mwenda Jean Bosco. Tunalijua jina la Mwenda kwa sababu aliimba na kupiga mwenyewe, na aliyerekodi aliliandika. Lakini katika disiki na kaseti ngapi za kwetu kuna gitare ya pili, ngoma, ao sauti ya mama anayeitikia, ambazo hakuna anayejua ni za nani?

Wazee wanaojua bado wako hai, lakini si kwa siku nyingi. Nenda na redio yako ndogo kwa babu, piga wimbo, ngoja afunge macho. Usimutajie jina kwanza. Mwache aseme mwenyewe. Kisha uliza mzee mwingine, bila kumuambia babu alijibu nini. Wakipatana, kamata kalamu, andika jina, mwaka na pahali nyuma ya ganda la kaseti, kwa maandiko yenye kusomeka.

Na siku mutoto wako atakapouliza: « Ule mwingine ni nani? », utakuwa na jibu.